Fomu ya Kushukia Visiwani

Kisanduku kitupu hurudishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote, na ndiyo urithi niliokusudia kuwaachia wanangu.

Nilikuwa muakibu mjini Riyadh. Waarabu humwita hivyo mtu anayefuatilia karatasi za wenzake maofisini, dirisha hadi dirisha, mpaka zitoke na muhuri. Ilikuwa miaka ya mafuta, mji mzima unachimbwa na kujengwa, na bosi wangu, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini wangu mbele ya serikali, alijenga kama wengine. Kila aliyejenga alileta watu kutoka nje, na kila aliyeletwa alihitaji ikama ya kuishi nchini, kibali cha kazi, kibali cha kutoka na kurudi, na picha sita zenye nyuma nyeupe. Mimi ndiye niliyezibeba. Wafanyakazi wengi wa kampuni ile niliwajua kwa picha zao kabla ya kuwajua kwa nyuso, na nyuso zilinivunja moyo.

Karani wa dirishani hakwambii umekosea wapi. Anafungua faili, anaona palipobaki peupe, analisukuma kwako kwa kidole kimoja, anamwita mwengine. Umesimama tangu asubuhi, na ndiyo imetoka hiyo. Kwa hivyo mimi sikuacha pahala peupe. Asiye na simu nilimwandikia simu ya jirani. Asiye na watoto nilimwandikia "hakuna" kwa wino mzito, ionekane kwamba watoto hao tumewatafuta tukawakosa. Fundi mmoja Mkorea alirudishwa mara tatu kwa sababu fomu iliuliza kabila lake, na yeye akasema kwao hawana mambo hayo. Nikamwandikia jina la mlima uliokuwa kwenye kalenda ya ofisini. Ikama ilitoka wiki ile ile.

Basi siku moja bosi akaniita ofisini kwake akafunga mlango. Mezani palikuwa na bahasha yenye maandishi ya dhahabu. Wazungu waliokuwa wakimuuzia winchi za ujenzi walitaka kumfurahisha, wakamletea tiketi mbili za meli ya matembezi, siku kumi kwenye visiwa vya Karibiani, chakula humo humo na malazi humo humo.

"Hawa watu hawana akili," bosi akaniambia. "Wamempa tiketi mbili mtu mwenye wake wawili."

"Wapeleke wao, baba, wewe upumzike nyumbani."

Akanitazama kuona kama namdhihaki. "Wale wawili, chumba kimoja, siku kumi, juu ya maji? Mafi, hakuna hilo. Meli itarudi nusu." Akanisukumia bahasha. "Wewe ni mtu wa bahari. Mchukue bibi yako mwende. Na nyumbani kwangu usizitaje, halas."

Nilikuwa mtu wa bahari kwa maana kwamba nilizaliwa Unguja na nilitoka Unguja kwa chombo, mwaka ule wa sitini na nne, nikitapika njia nzima. Lakini zawadi haikataliwi.

Tulikuwa tukikaa Suwaidi, ghorofa ya pili, vyumba viwili na jiko. Nilimkuta mke wangu amekaa chini anachagua mchele. Nikampa habari nikiwa nimesimama, maana habari kama ile haitolewi umekaa. Yeye hakuacha kuchagua. Alitoa chuya mbili tatu, akauliza, "Na huko kwenye visiwa, mtu anashuka?"

"Anashuka. Kuna matembezi, yamepangwa."

"Basi mie nataka jambo moja tu. Nikishuka, nende n'nakotaka."

"Hilo dogo," nikamwambia. "Niachie mimi."

Nami nilimaanisha. Nilidhani ananiagiza nimtafutie matembezi mazuri kuliko yote. Ningejua maana ya maneno yale tusingefika tulikofika, lakini mimi nilikuwa mtu wa kusoma visanduku, si mtu wa kusoma watu.

Hapa lazima nieleze mambo yalivyokuwa. Kwa miaka kumi na minne mke wangu aliishi Saudia ndani ya ikama yangu. Hakuwa na yake. Jina lake na picha yake vilikuwa ukurasa wa nne, na watoto wetu watatu ukurasa wa tano. Akiulizwa na askari yeye ni nani, mimi hufungua ukurasa. Sokoni nilimpeleka mimi, hospitali nilimpeleka mimi, kwa dada yake Jedda nilimpeleka mimi na barua ya kafili mfukoni, kwa sababu mgeni hakutoka mji mmoja kwenda mwengine bila barua. Sikuona ubaya. Ukurasa wenyewe niliutia plastiki, na nilikuwa najivuna kwamba haukuwahi kupata hata doa la chai.

Baada ya wiki mbili kikaja kitabu cha matembezi, kimejaa picha za watu wanaocheka, na ndani yake fomu. Tiketi zetu zilituruhusu kwenda matembezi bila kulipa zaidi. Visiwa vilikuwa vitano, na kila kisiwa kilikuwa na matembezi manne au matano, jumla ishirini na mawili. Mbele ya kila moja palikuwa na visanduku viwili, mtu wa kwanza na mtu wa pili.

Ijumaa baada ya sala nilikaa mezani. Nilitandika karatasi za kaboni nipate nakala tatu, nikachonga penseli, nikajaribu wino kwenye gazeti. Mke wangu alikaa upande wa pili na kile kitabu, anakisoma kuanzia mwisho.

"Kitabu cha Kizungu huanza mbele," nikamwambia.

"Mbele kuna picha tu," akasema. Akasoma. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu, alikipata skuli ya wasichana, mimi changu nilikiokota. Baadaye akauliza, "Na mtu asiyejaza je?"

"Asiyejaza hurudishwa."

"Hurudishwa wapi? Si atakuwa keshafika?"

"Bibi, ngoja kwanza. Usinichanganye."

Akangoja. Nami nikajaza.

Nilijaza visanduku vyote arubaini na vinne. Kupanda farasi ufukweni, vema, vema. Kupiga mbizi na vifaa, vema, vema. Boti yenye sakafu ya kioo, maporomoko ya maji, bustani ya kasuku, ngome ya kale, kucheza ngoma huku unapita chini ya ufito. Sikusoma sana maelezo yake. Nani husoma maelezo? Jina langu niliandika mpaka kwa babu wa tatu. Dini, kazi na kundi la damu hawakuuliza, nikaviandika pembeni ili wasije wakaviuliza baadaye. Nikagandisha picha sita za kila mmoja.

Kisha nikakumbuka kafili. Mtu hafanyi jambo bila barua ya kwamba kafili wake hana pingamizi, na hapa palikuwa na mambo ishirini na mawili. Nikapiga taipu barua ishirini na mbili. Bosi wangu alikuwa na tabia ya kutia saini bila kusoma, mkono mmoja kwenye kalamu na mwengine kwenye simu, na muhuri niliutunza mimi. Hivyo ndivyo alivyothibitisha, kwa barua rasmi yenye nembo ya kampuni, kwamba hana pingamizi mfanyakazi wake aliyetajwa hapo juu kupanda farasi pamoja na mkewe. Kwamba hana pingamizi wazame. Kwamba hana pingamizi wapite chini ya ufito.

Vyote nikavitia kwenye faili la kijani la kuning'inia, lile ambalo bila yake hakuna dirisha Saudia lililokubali kukutazama, nikamtumia wakala wa safari aliyekuwa Jedda, mtaa wa Kandara. Nililala vizuri wiki nzima.

Wiki tatu baadaye tulikwenda Jedda sisi wenyewe. Balozi zote zilikuwa huko wakati ule, na viza hazikupatikana kwengine, na watoto tulikuwa tuwaache kwa dada yake mke wangu. Njiani basi lilisimamishwa kizuizini. Askari akapanda, akafika kwetu, akamwonesha mke wangu kwa kidevu.

"Huyu nani?"

Nikafungua ukurasa wa nne. Akaangalia picha, hakumwangalia mwenyewe, akanirudishia.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," mke wangu akasema basi lilipoondoka. Alikuwa anatazama dirishani. "Lakini miaka kumi na minne, jamani. Hata kuku huyo wangekuwa washamla."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nikaona nitazame dirisha la upande wangu.

Shemeji yangu alikaa Hindawiyah, nyumba ya zamani yenye ngazi za mawe. Ni mkubwa kwa mke wangu kwa miaka saba, mshonaji wa nguo za harusi, na ulimi wake haukuwahi kuhitaji barua ya mtu. Tulipokwisha kula alinitaka nimwoneshe hiyo safari. Nikampa nakala ya kaboni kwa fahari. Akavaa miwani yake ya kushonea, na kwa kuwa naye alisoma skuli ile ile, akaanza kuifasiri kwa sauti mbele ya watoto.

"Kisiwa cha pili. Shamba la viungo. Wageni wataoneshwa mdalasini, kungumanga na karafuu, na namna zinavyoanikwa." Akashusha miwani. "Mtu wa Unguja anapanda ndege mbili na meli moja kwenda kuoneshwa karafuu inavyoanikwa?"

Mke wangu akaanza kutikisika mabega.

"Kisiwa cha tatu. Kiwanda cha ramu. Wageni wataonja aina sita." Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Shemeji. Umetia vema."

"Ni kisanduku tu, shemeji."

"Mtu wa kwanza, vema. Mtu wa pili, vema. Mtu wa pili si ndiye mdogo wangu?"

"Fomu haikubali nafasi tupu."

"Na bosi wako hana pingamizi?"

Nikajikuna. Barua ilikuwepo, tena na muhuri. Yule mzee alikuwa hakosi sala msikitini hata moja, na mimi nilikuwa nimempeleka Karibiani kwa maandishi kuwaruhusu watu wakaonje pombe aina sita.

Shemeji hakuwa amemaliza. "Saa tatu asubuhi unapanda farasi," akasema, anafuata mistari kwa kidole. "Saa tatu hiyo hiyo uko chini ya bahari. Saa tatu hiyo hiyo uko juu ngomeni. Farasi amekwishaambiwa?"

Mke wangu alilia kwa kucheka, ikabidi ajifute kwa mtandio. Watoto nao wakacheka bila kujua wanachocheka. Mimi niliona nimeonewa. Mtu amekesha, amejaza, amepiga taipu, na malipo yake ni kuchekwa na mshonaji.

"Mtaka yote hukosa yote, shemeji," akaniambia, akanirudishia karatasi zangu. Kisha akamgeukia mdogo wake, na sauti yake ikawa nyengine. "Na weye? Umetaka nini?"

"Nilikwisha kusema," mke wangu akajibu. "Siku ya kwanza."

Nikasema nilimsikia na hayo matembezi yake yamo humo, kwenye ishirini na mawili hayakosi kuwemo. Shemeji akaondoka kwenda kutia maji ya chai.

Asubuhi yake tulikwenda kwa wakala. Alikuwa Mlebanoni, mtu mwembamba mwenye macho ya kuchoka, na alipotuona alinyanyuka mwenyewe kutupisha kiti. Akatoa faili langu la kijani kabatini, akaliweka mezani polepole. Nilifurahi kuliona limetunzwa.

"Niliwapelekea watu wa meli kila kitu," akasema. "Wamejibu kwa teleksi. Wanauliza kundi lenu la watu arubaini na wanne lingependa basi lake peke yake?"

"Ni sisi wawili," nikasema.

"Niliwaambia. Wakauliza tena." Akajikohoza. "Barua zako zimewapendeza sana. Ile ya farasi wameitundika ukutani."

Mke wangu alitazama chini. Nikajua anazuia kicheko, na kwa mara ya kwanza nilitamani acheke tu yaishe.

Wakala akanipa fomu mpya, safi. Akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba mtu ni mmoja na kisiwa kina siku moja, kwa hivyo tuchague matembezi mamoja kila kisiwa, au kama hatutaki tusichague, na apate jibu kabla ya adhuhuri kwa sababu anafunga. Maneno yake ya katikati yalipita karibu yangu bila kuniamkia. Nilikwisha kutoa kalamu.

Tukakaa kwenye benchi la ukutani. Nikamwelekezea mke wangu fomu.

"Kisiwa cha kwanza. Maporomoko au boti ya kioo?"

Akaitazama kalamu mkononi mwangu.

"Maporomoko yana chakula cha mchana."

Akatengeneza mtandio wake.

"Basi sema, bibi. Saa inakwenda."

"Mwenye kalamu ni weye," akasema. "Jaza. Umejaza miaka yote."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Nikamwambia mimi nahangaika kwa ajili yake, namtafutia alichokitaka.

"Hutafuti, bwana. Unajaza." Akafungua pochi lake, akatoa kile kitabu cha matembezi, akafunua ukurasa wa mwisho, ule aliouanza siku ile mezani. Sehemu ndogo ya chini alikuwa ameipigia mstari kwa penseli yangu. Akanisomea kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili ili nisipate pa kujificha. Ilisema abiria asiyetaka matembezi haya si lazima ajiandikishe popote. Anaweza kushuka kisiwani akatembea apendavyo, ilimradi awe amerudi kabla honi ya meli haijalia.

Nikamnyang'anya kitabu nikasoma mwenyewe. Nikasoma tena. Nikageuza fomu mbele na nyuma nikitafuta kisanduku cha jambo hilo. Hakikuwepo. Nikaenda kwa wakala.

"Anayetaka kutembea tu," nikamuuliza, "anaandika wapi?"

"Haandiki."

"Barua ya kafili?"

"Mafi."

"Basi hata muhuri?"

"Ya ustadhi," akasema wakala, "unashuka ngazi tu."

Nilirudi kwenye benchi. Naona haya kuliandika hili, lakini nilikuwa na hofu. Sikuogopa visiwa wala meli. Niliogopa kuikabidhi karatasi ile nyeupe kwa mtu aliyekaa nyuma ya meza. Mkono wangu wenyewe ulishuka kwenye kisanduku cha kwanza ukaandika "hakuna", kwa wino mzito. Ukaenda kwenye cha pili. Mke wangu akaichukua kalamu vidoleni mwangu, taratibu, akaitia kwenye pochi lake, akafunga zipu.

"Omba nyengine," akasema.

Wakala akatoa fomu ya tatu bila kuuliza. Nikaishika mkononi pengine dakika nzima. Ilikuwa nyepesi mno. Kisha nikairudisha kwake kama nilivyopewa, visanduku vyote vitupu, na nikasimama pale nikingoja aisukume kwangu kwa kidole kimoja. Akaikunja, akaitia kwenye faili, akasema safari njema.

Nje, jua la Kandara limekwisha panda, mke wangu alinunua sharubati mbili akanipa moja. Tukanywa tumesimama kwenye kivuli cha duka. "Umefanya vizuri," akaniambia, kama anavyoambiwa mtoto aliyetoka kudungwa sindano. Nilikasirika kidogo, lakini sharubati ilikuwa baridi.

Kisiwa cha kwanza tulifika asubuhi. Nilivaa koti lenye mifuko ya ndani na nikachukua mkoba wangu wa kazini: pasipoti zote mbili, viza, vyeti vya chanjo, cheti cha ndoa na tafsiri yake, barua ya bosi ya kwamba hana pingamizi tutembee, hiyo niliiongeza kwa siri, na bahasha ya picha. Kijana wa ngazini aliangalia kadi zetu za meli, akatuambia siku njema, akamgeukia mwengine. Nikasimama nikimngojea aseme neno jengine. Watu wakanipita.

Tulipofika gatini mke wangu akasimama.

"Weye ngoja hapa," akasema.

"Ningoje nini?"

"Mimi."

Nikadhani sikusikia. Nikamwambia hatujui mji huu, hatujui watu wake, na kuliko yote yeye hana hata karatasi moja, zote ziko kwangu. Mtu akimsimamisha atamwonesha nini?

"Akinisimamisha mtu nitamwambia jina langu," akasema. "Nilisema nende, bwana. Sikusema nipelekwe."

Akaenda. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye duka la kofia, akakata kushoto, abaya yake ikapepea kwenye kona, basi. Nikakaa kwenye benchi lililokuwa pale, nikainuka mara mbili kumfuata. Mara zote mbili nilikaa tena, kwa sababu nilifikiria uso wake atakapogeuka akaniona.

Benchi lilitazama barabara. Nikaupakata mkoba. Mgeni aliyepita angedhani nangoja kuitwa namba. Nilipochoka kuitazama ile kona nikaufungua mkoba, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikatoa ile bahasha. Ilikuwa na picha zilizobaki. Kila mwaka ikama iliposasishwa tulipiga picha sita, dirishani zikatumika nne, mbili nikaziweka za dharura. Sikuwahi kuzitazama, nilizihesabu tu. Nikazipanga kwenye benchi, moja ya kila mwaka, nyuma nyeupe zote. Kwenye ya kwanza alikuwa msichana, macho yamemtoka kwa taa ya mpiga picha. Kwenye ya sita au ya saba uso umenenepa, ndipo alipokuwa na mimba ya wa mwisho. Kwenye ya mwisho ana mstari hapa kando ya mdomo ambao mimi sikuujua. Zote kumi na nne anatazama mbele, kama alivyoambiwa. Ukurasa wa nne niliwafunulia askari wa barabara nzima ya Riyadh na Jedda, na mimi mwenyewe ndiyo kwanza naangalia.

Nililia kidogo. Si sana, palikuwa na watu.

Alirudi saa nzima kabla ya honi. Amevaa kofia pana ya majani juu ya mtandio wake, viatu mkononi, miguu imejaa mchanga mpaka vifundoni. Nilikuwa na maswali tayari, yamepangika kwa namba: ulikwenda wapi, na nani, kwa nini viatu. Akakaa karibu yangu kwenye benchi, akaona picha, akaokota ile ya kwanza akaitazama.

"Huyu mtoto alikuwa na njaa siku hiyo," akasema, akairudisha pahala pake.

Maswali yangu sikuyauliza. Mpaka leo sijui alikokwenda. Kisiwa cha pili nilingoja tena, na cha tatu nilingoja, mashua za matembezi zikiondoka na kurudi na watu wao wanaocheka. Asubuhi ya kisiwa cha nne alikuwa anafunga kofia yake mbele ya kioo, hajageuka, akaniambia, "Leo njoo, ukipenda." Nikauacha mkoba kitandani nikamfuata.